Mhariri na Kaburi la Yago

Gazeti la Habari za Milimani lilikuwa na kurasa nne, lilitoka mara moja kwa mwezi, na lilipigwa chapa katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa dogo la misheni mjini Kericho. Mhariri wake tangu mwaka 1931 alikuwa Johnson Kinyua, mtu wa Murang'a, mrefu, mwenye maneno machache, aliyevaa koti hata jua lilipokuwa kali. Jina lake lilichapwa kila mwezi chini ya ukurasa wa mwisho. Wenye mashamba ya chai walidhani gazeti ni la Padri Tindall. Padri naye alidhani ni lake. Wasomaji walijua ni la Kinyua, kwa kuwa ndiye aliyewarudishia habari zao.

Alizirudisha kwa swali moja. Mtu akija kusema chui ameonekana karibu na kiwanda, Kinyua aliuliza, "Nani alimwona?" Akijibiwa kwamba watu wanasema, aliikunja karatasi na kumrudishia mwenyewe bila kuongeza neno. Nyaberi, Mgusii aliyepima majani katika kambi iliyokuwa bondeni na kuliandikia gazeti habari za kambi hiyo, alikuwa na maneno yake juu ya jambo hilo.

"Kumpelekea Kinyua habari ni kama kupeleka ng'ombe mnada wa Mulot," aliwaambia wenzake. "Lazima aifungue mdomo kwanza aone meno."

Walicheka, lakini waliliamini gazeti, na walioliamini zaidi walikuwa wale wasiojua kusoma. Wachuma chai wengi walitoka mbali, upande wa ziwa na Kisii. Nakala chache zilifika makanisani kwao, na baada ya ibada ya Jumapili mtu mmoja alisimama akasoma kwa sauti. Habari za bei na mvua zilisikilizwa huku watoto wakipiga kelele. Ukurasa wa nne ulipofunguliwa, watoto walinyamazishwa. Huko ndiko yalikokuwa majina ya waliokufa kambini.

Kinyua aliuwekea ukurasa huo sharti lake mwenyewe. Hakuna kifo kilichochapwa mpaka watu wawili waseme wameliona kaburi. Mtu mmoja hakutosha, hata akiwa msimamizi wa kambi au Padri.

Mwezi wa Aprili mwaka 1934 panya walianza kufa katika kambi ya Nyaberi. Baada ya panya, watu wakaanza kuugua. Daktari wa serikali alikuja, akaamuru wagonjwa wapelekwe hospitali kwa lori na nyumba zao zichomwe pamoja na viroboto waliomo. Jambo hilo halikuwa limetokea katika mashamba yale hapo awali. Nyaberi alilieleza kadiri alivyoliona: wagonjwa fulani wametolewa, na mmoja wao, Joab Okeyo, mchuma chai kutoka Karachuonyo upande wa ziwa, alikuwa hajitambui alipobebwa. Nyumba yake imechomwa.

Habari hiyo ilimfika Kinyua siku ya kupiga chapa, ukurasa wa nne ukiwa na nafasi ya mistari minne iliyobaki wazi. Aliisoma akiwa amesimama. Kwa maisha yake yote alijua maana ya mambo hayo mawili yakifuatana. Alipokuwa mdogo, babu yake alipozidiwa, watu walimbeba wakamtoa nje ya boma, wakamlaza karibu na kichaka na kumwashia moto, ili asifie ndani. Wengine waliofia ndani, nyumba zao hazikulalwa tena. Ziliteketezwa. Mtu kutolewa akiwa hajitambui, kisha nyumba yake kuchomwa: mbele ya macho ya Kinyua hakukuwa na jambo la kuulizia. Hakutafuta shahidi wa pili. Hakumtafuta hata wa kwanza. Alimwambia mpanga herufi wake, arap Mosonik, aandike kwamba Joab Okeyo wa Karachuonyo ameaga dunia, na mistari minne ikajaa.

Mwezi wa Septemba, adhuhuri, arap Mosonik aliinua kichwa kutoka kwenye sanduku la herufi akatazama mlangoni.

"Karani, kuna mtu hapa nje," alisema. "Anasema amekufa."

"Mwambie asubiri," Kinyua alijibu bila kuacha kazi. Kisha akaacha kazi.

Mtu aliyeingia alikuwa amekonda, amevaa kofia ya kitambaa, na alikuwa na sanduku la mbao begani. Hakulitua.

"Wewe ndiye Kinyua?"

"Ndimi."

"Mimi ni Joab Okeyo. Wa ukurasa wa nne."

Kinyua alimsogezea kiti. "Keti," alisema.

"Maiti inaketi wapi, omera, ndugu yangu? Nilijaribu kuketi Sondu, soko lote likakimbia."

Alieleza akiwa amesimama. Hospitalini alipona. Alipotoka, hakurudishwa kambini, alipelekwa moja kwa moja kufyeka msitu katika shamba jipya upande wa Bomet. Hakujua kuandika, na hakuona sababu ya kutuma neno nyumbani, maana kwao walijua yuko kazini. Alipopewa ruhusa alinunua kitambaa cha mkewe, akashika njia ya Kiptere hadi Sondu. Sokoni alimwona Mama Apiyo, jirani yao anayeuza samaki. Akamwamkia. Mama Apiyo aliacha kikapu na samaki, akakimbia akipiga mayowe.

"Nikamkuta binamu yangu Kepher pale pale. Akasimama mbali na mimi, kama mtu aliyeona nyoka. Akaniambia, 'Joab, sisi tulikuzika. Usije nyumbani.'"

"Walizika nini?" Kinyua aliuliza.

"Yago."

Kinyua hakulijua neno hilo, na Joab alilijua hilo kwa uso wake. Alimwelezea kama mtu anavyomwelezea mgeni njia. Mjaluo akifia mbali na mwili usipatikane, haachwi bila kaburi. Watu wake huchukua tunda la yago, refu na zito kama mkono wa mtu mzima, wakalizika mahali pake nyumbani, na kumlilia kama kawaida. Baada ya hapo ameshazikwa. Mjane amenyolewa. Mali yake imegawanywa.

"Wilkista, mke wangu, ataingia kwa ndugu yangu mtama ukishavunwa," Joab alisema. "Mtama umeanza kuiva, Karani."

Kinyua aliegemea meza. "Nitaandika sahihisho. Nitaliweka ukurasa wa kwanza. Litasomwa kanisani kwenu kama lile lilivyosomwa."

"Soma. Mama yangu atasikia, atalia tena. Na kaburi je? Kaburi limekwenda kanisani lini?"

Arap Mosonik aliacha kupanga herufi. Joab akatua sanduku chini, akavua kofia.

"Nilingoja Sondu, na wazee wakamtuma Kepher arudi aniambie. Nikipita langoni nikiwa nimezikwa, nawaletea watoto wangu kifo. Aliyesema nimekufa aje mwenyewe, asimame langoni mbele ya wale walionililia, aseme sikufa. Na mkono wake utoe kile ulichozikisha."

"Habari ilitoka kwa Nyaberi," arap Mosonik alisema kwa sauti ndogo.

"Nimetoka kwa Nyaberi. Nyaberi alisema nilibebwa na nyumba yangu ilichomwa. Ni kweli, nilibebwa, ilichomwa. Hakusema nimekufa." Alimgeukia Kinyua. "Wewe ndiye uliyesema."

"Kwetu," Kinyua alianza, "nyumba ya mtu haichomwi akiwa..."

"Kwenu," Joab alisema.

Siku hiyo hiyo Kinyua alikwenda kwa Padri Tindall. Padri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameijenga mashine ile ya chapa kwa mikono yake, kipande kwa kipande, baada ya kuletwa kwa gari la ng'ombe kutoka stesheni, na alikuwa akiogopa kuipoteza. Mkuu wa wilaya alitarajiwa mwezi huo kuja kuitazama. Padri alisikiliza mpaka mwisho.

"Gazeti likikiri kwamba lilimzika mtu aliye hai," alisema, "watu watafikiri nini juu ya mengine tuliyoandika?"

"Watauliza nani aliona, Padri. Ni haki yao."

"Basi tuseme mwandishi wa kambi alikosea."

"Hakukosea."

"Basi tunyamaze. Mtu mwenyewe yuko hai, ataonekana."

"Ameshaonekana. Ndiyo shida yake."

Padri alisimama akaenda dirishani. Kuhusu safari ya Karachuonyo alikuwa na neno moja tu. Mzee wa kanisa kama yeye hawezi kufukua kaburi la kishenzi mbele ya wazee wa kishenzi.

"Ni tunda tu, Padri," Kinyua alisema.

"Kwao si tunda."

"Kwao si tunda," Kinyua alikubali. "Kama lingekuwa tunda ningemtuma mtu mwingine."

"Ukienda, Johnson, usirudi kwenye meza ile. Na kiti chako kanisani kitakuwa na mtu mwingine."

Nyumbani, mkewe Bilhah alikuwa akichambua maharagwe. Alimsikiliza bila kuinua macho. Walikuwa wamekuja Kericho kwa sababu ya meza ile. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya misheni, na bustani pia.

"Ukienda tutalala wapi?" aliuliza.

"Sijui."

"Na usipoenda?"

Kinyua aliinama akafungua kamba za viatu vyake.

"Kila mtu anayekuja hapa unamwuliza nani aliona," Bilhah alisema. "Mpaka mimi nikikwambia mbuzi wameingia kwenye mboga unaniuliza. Sasa mimi nakuuliza. Baba, wewe uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Basi." Aliinuka na ungo wake. "Vaa viatu vile vya zamani. Hivi vipya vitakuumiza njiani."

Toleo la mwezi huo lilitoka kabla ya siku yake. Mahali ambapo Padri alizoea kuweka mahubiri yake palikuwa na maneno machache kwa herufi kubwa: gazeti hili lilisema mwezi wa Aprili kwamba Joab Okeyo wa Karachuonyo amekufa. Hakufa. Hakuna aliyemwambia mhariri kwamba amekufa. Chini ya maneno hayo Kinyua aliweka ule mstari wenye jina lake, ambao kila mwezi ulikaa mwisho wa ukurasa wa nne. Arap Mosonik alimwuliza kama aweke na jina la Padri. Kinyua alikataa. Vifurushi vikapelekwa posta, naye akafunga mlango wa mabati, akampa arap Mosonik ufunguo.

Yeye na Joab walipita Kiptere wakati watu walikuwa wakifungua soko, wakateremka Sondu, wakaendelea. Waliongea kidogo. Njiani Joab alimwuliza kama kwao Murang'a watu hawazikwi.

"Siku hizi wanazikwa, wale wa kanisa. Zamani ni watu wachache, wenye mali na watoto wengi."

"Na wengine?"

"Kichakani."

Joab alihamishia sanduku bega la pili. "Ndiyo sababu uliniandika haraka hivyo," alisema. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa kama mtu aliyepata mwisho wa uzi aliokuwa akiutafuta.

Boma la akina Joab lilikuwa na ua wa minyaa. Watu walikuwa wamekwisha kusanyika, kwa maana Kepher alitangulia kupeleka neno. Joab aliambiwa abaki njiani, mbali na lango. Kinyua alisimama langoni peke yake. Ndani, upande mmoja wa nyumba ya Joab, palikuwa na tuta la udongo lililoanza kuota majani. Karibu na tuta alisimama mwanamke mwenye kichwa kilichonyolewa, nywele zikianza kurudi. Kinyua hakuhitaji kuambiwa kwamba huyo ni Wilkista.

Mkubwa wa wazee, Jaduong' Ogweno, aliuliza kwa Kijaluo na Kepher akatafsiri.

"Nani alikuambia mtoto wetu amekufa?"

"Hakuna."

"Uliona maiti?"

"Sikuona."

"Uliona kaburi?"

"Sikuona."

"Sasa ulisemaje?"

"Nilisikia nyumba yake imechomwa. Kwetu nyumba haichomwi hivyo mtu akiwa hai. Nikafikiri kwa desturi ya kwetu."

"Kwenu ni wapi?"

"Murang'a."

Mwanamke mzee aliyekuwa nyuma alipaza sauti, na watu wakacheka kidogo, kisha wakajizuia. Kinyua akamtazama Kepher.

"Anasema ungemzika Murang'a basi," Kepher alisema, "sisi ungetuachia maharagwe yetu ya matanga. Huyo ni Mama Apiyo. Bado ana uchungu wa samaki."

Jaduong' Ogweno hakucheka. Aliinua mkono, Kinyua akapewa nafasi ya kusema. Alikuwa ameyatayarisha maneno njiani, kama alivyotayarisha kila jambo.

"Joab Okeyo hakufa," alisema. "Mimi, Johnson Kinyua, ndiye niliyesema amekufa. Lilikuwa kosa."

Kepher alitafsiri. Wazee waliongea kwa sauti ya chini kwa muda mrefu.

"Wanasema kosa ni la mtu aliyejikwaa," Kepher alisema. "Wewe hukujikwaa. Sema tena."

Watu waliomfahamu Kinyua wanasema kwamba kwa miaka yote ya uhariri hakuwahi kubadilisha sentensi yake kwa kuambiwa na mtu. Alisimama langoni, jua likimpiga, koti limefungwa vifungo vyote.

"Nilisema nisilolijua," alisema.

Jaduong' Ogweno aliitikia kwa kichwa. Jembe likaletwa, naye akaitwa ndani hadi kwenye tuta.

Kinyua hakuwahi kuchimba kaburi, wala kugusa lililochimbwa. Akiwa mtoto, kukanyaga tu mahali alipolazwa mfu kulitosha mtu kutakaswa kwa mbuzi. Alivua koti, akatafuta mahali pa kuliweka, asipate. Wilkista alikuja akalichukua, akalishika mkononi muda wote Kinyua alipokuwa akichimba. Udongo ulikuwa laini. Alikuwa ametarajia kukuta tunda. Alikuta kitu kilichofungwa katika kitambaa cheupe kilichoshonwa pande zote kwa uzi mwembamba, kwa mishono ya mtu asiyekuwa na haraka, na urefu wake ulikuwa karibu kama wa mtoto mchanga. Alibaki amepiga magoti mpaka Kepher akamwambia taratibu, "Inua, Karani. Ni wewe."

Aliinua. Wazee walikipokea wakakipeleka nje ya boma, na yeye hakuruhusiwa kuwafuata. Shimo likafukiwa na kupigwa sawasawa kwa miguu. Kisha wakafungua nafasi mpya katika ua wa minyaa, mbali na lango, na Joab akaingilia hapo, sanduku begani. Mama yake alimshika miguu, akalia. Wilkista alisimama alipokuwa, koti la mgeni likiwa mikononi, akamtazama mumewe kutoka kichwani mpaka chini.

"Umekonda," alisema.

"Hospitali," Joab alijibu.

Mtama ulivunwa mwezi uliofuata, na Wilkista hakwenda kwa mtu.

Kinyua aliporudi Kericho, meza yake ilikuwa na Padri Tindall. Hawakugombana. Kiti cha kanisani kilikuwa kimepewa mtu mwingine, na nyumba ya misheni ilitakiwa. Gazeti liliendelea bila ukurasa wa waliokufa, kwa sababu Padri aliogopa kukosea tena, na wasomaji wa upande wa ziwa wakaacha kulingojea. Mwaka haukuisha likafungwa. Arap Mosonik alirudi kwa ng'ombe wake.

Kinyua na Bilhah walifungua duka dogo Kiptere, la chumvi, mahindi na mafuta ya taa. Hakuandika tena. Lakini wachuma chai waliokuwa wakipita kwenda na kurudi makwao walikuwa na mazoea ya kusimama dukani na kusimulia mambo ya kambini, na yeye, akipima chumvi, aliwauliza nani aliona. Wengine walitoka wakicheka. Wengine walifika nyumbani wakasema habari hii imepita kwa Kinyua, na hiyo ilitosha.

Mwaka 1939, mvua za vuli zilipoanza, Kepher alikuja dukani na matope hadi magotini. Joab Okeyo amefariki, alisema, nyumbani kwake, kwa kifua. Wilkista amemtuma. Kuna watu wa kambi wa kuarifiwa, na ndugu walioko Kisumu, lakini amesema neno lisitoke kwanza.

"Anataka uje uone," Kepher alisema. "Na uje na mtu wa pili."

Bilhah alikuwa ameshaanza kufunga duka.

Walifika baada ya maziko. Kaburi lilikuwa pale pale lilipokuwa tuta la zamani, udongo wake mbichi, maji ya mvua yamekusanyika pembeni. Safari hii hakuna aliyewasimamisha langoni. Wilkista alitoka nyumbani, amenyolewa, akasimama upande wa pili wa kaburi. Hakuamkia kwanza.

"Umeona?" alimwuliza Kinyua.

Kinyua aliinama, akaweka kiganja juu ya udongo, akakiacha hapo kwa muda.

"Nimeona," alisema.

"Na wewe, Mama?"

"Nimeona," alisema Bilhah.

Wilkista alimgeukia Kepher. "Haya," alisema. "Nenda ukawaambie."